Usinichoree Duara kwa Kipanya

Najua nimekuwa kimya mno. Kazi ya kuwaandikia watu programu ina tabia ya kumeza muda wote wa kuandika mambo yako mwenyewe. Leo nimerudi, tena nimerudi na hasira kidogo. Hasira yenyewe inahusu duara. Ndiyo, duara lile lile tulilolichora kwa bikari darasani.

Kisa ni hiki. Majuzi nilikwenda kumsalimu mjomba, Ukambani, upande wa Kibwezi. Nikamkuta anavaa koti kwenda baraza la maji, nikamfuata. Mradi mmoja (sitautaja jina) ulikuwa umekuja kueleza wanakijiji ni wapi visima vipya vitachimbwa. Kijana nadhifu wa mradi akatundika ramani kubwa ya rangi ukutani. Juu ya ramani palikuwa na maduara mekundu, kila kisima kilichopo na duara lake.

"Walio ndani ya duara," akasema, "tayari wana kisima ndani ya kilomita 5. Visima vipya tutawapelekea walio nje."

Mama mmoja mzee akainuka. "Mwanangu, hebu nionyeshe kijiji chetu hapo." Akaonyeshwa. Kilikuwa ndani ya duara, karibu na ukingo wake. Mama akatazama kwa muda, kisha akauliza, "Na hilo duara lako linavuka mto? Maana mimi na punda wangu hatuvuki. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, tunarudi saa sita mchana."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, kwa adabu, akajibu, "Lakini mama, hii ramani imetoka kwenye tarakilishi. Tarakilishi haikosei."

Hapo mimi nikaacha kucheka.

Baada ya baraza nilimwomba nakala ndogo ya ramani ile, akanipa bila kinyongo. Nikaazima rula ya binamu yangu mdogo wa shule. Ramani ilikuwa na upana wa sentimita 15, na kwa mujibu wa kipimo kilichochapishwa pembeni, upana huo ulikuwa sawa na kilomita 111 hivi. Kila duara lilikuwa na upana wa sentimita 3. Piga hesabu: sentimita 3 hapo ni kilomita 22. Yaani kutoka kisimani mpaka ukingo wa duara ni kilomita 11, si 5! Na kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa nusu kipenyo chake, maduara yale yalikuwa yakifunika karibu mara 5 ya ardhi iliyodaiwa.

Nikamuuliza yule kijana aliyachora vipi. Hakunificha. Alichukua picha ya ramani, akaiweka katika programu ya kutengenezea slaidi, akachora duara moja kwa kipanya, akalinakili na kulibandika juu ya kila kisima. Mbona ukubwa ule? "Yalionekana yanatosha," akasema.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu msomaji. Yule kijana si mwongo. Ni mchapakazi, ana visima arobaini vya kushughulikia na mkubwa wake anataka ripoti kesho. Kosa ni kwamba chombo alichotumia hakikumuuliza swali moja la msingi: duara hili ni la kilomita ngapi? Programu ya slaidi haijui kilomita. Kwake ramani ni picha tu, kama picha ya harusi.

Msimamo wangu ni huu: umbo lolote unalochora juu ya ramani ni dai. Nukta husema "hapa". Duara husema "mpaka hapa". Mstari husema "kutoka hapa kwenda pale". Madai ya namna hii yanaamua nani apate kisima, barabara au zahanati. Basi yasichorwe kwa jicho. Yaandikwe kwa namba, katika faili ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua, kuisoma na kukupinga. Na njia nyepesi ninayoijua ya kufanya hivyo ni programu za ramani zinazoendeshwa kwa amri, katika lile dirisha jeusi ambalo wengi wetu tunaliogopa bure.

Ninayoitumia mimi inaitwa GMT, kifupi cha Generic Mapping Tools. Ilianzishwa mwaka 1987 na Paul Wessel na Walter Smith, wakiwa bado wanafunzi katika kituo cha utafiti cha Lamont-Doherty cha Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Walikuwa watu wa kuchunguza sakafu ya bahari, na walihitaji ramani ambazo wangeweza kuzirudia mara mia bila kuzichora mara mia. Ni programu huria, haina malipo, inakubali Linux, Windows na Mac. Waliowahi kuonja matoleo ya zamani watakumbuka adha ya -K na -O: ukisahau kimoja tu, ramani nzima inaharibika. Adha hiyo ilipungua sana mwaka 2019, lilipotoka toleo la 6 na utaratibu mpya wa kuanza kwa begin na kumaliza kwa end.

Haya basi, tushike kazi. Sitaanika mahali kijiji cha yule mama kilipo, kwa hiyo tutumie miji mitatu ya barabara ya Mombasa ambayo kila msafiri wa basi anaijua. Fungua kihariri cha maandishi, andika faili hii, uiite visima.txt:

37.82 -2.28 Makindu
37.97 -2.42 Kibwezi
38.17 -2.69 Mtito Andei

Kisha andika amri hizi:

gmt begin maji png
gmt coast -R37.5/38.5/-3/-2 -JM15c -Baf -Glightyellow -Ia/0.5p,blue
gmt plot visima.txt -SE-10k -W1p,red
gmt plot visima.txt -Sc0.2c -Gred
gmt text visima.txt -F+f9p+jLB -D0.2c/0.2c
gmt end show

Usitishwe na vistari. Mstari wa kwanza unaanzisha ramani iitwayo maji. Wa pili unatandika ardhi: -R ni mipaka ya eneo, magharibi, mashariki, kusini, kaskazini. -JM15c inasema tumia mbinu ya Mercator ya kuibapisha dunia, na ramani iwe na upana wa sentimita 15. -Baf inaweka fremu yenye namba. -G ni rangi ya nchi kavu, na -Ia inachora mito iliyomo katika hazina inayokuja na programu. Mstari wa tatu, wa nne na wa tano unaweka maduara, nukta na majina. Wa mwisho unafunga na kukuonyesha picha. Mistari sita, basi!

Sasa tazama kwa makini mstari wa tatu na wa nne, maana ugomvi wangu wote uko hapo. -Sc0.2c ni duara la karatasi: kipenyo chake ni sentimita 0.2, ramani iwe ya kijiji au ya Afrika nzima. Hilo ni sawa kwa nukta, kwani nukta haidai ukubwa wowote. Lakini -SE-10k ni duara la ardhini: kipenyo chake ni kilomita 10, yaani kilomita 5 kila upande. Katika ramani yetu linatoka na upana wa sentimita 1.35 hivi, chini ya nusu ya lile la barazani.

Hebu fanya jaribio. Badilisha -R iwe 34/42/-5/5 ili karibu Kenya nzima iingie kwenye karatasi ile ile. Maduara ya kilomita yatanywea hadi kuwa punje, kama inavyostahili. Lakini ungekuwa na duara la sentimita 3 la kubandika, lingebaki na sentimita zake 3, na sasa lingekuwa linafunika upana wa kilomita 178 hivi. Duara lile lile, kisima kile kile, uongo umekua mara 8. Na hakuna kengele iliyolia.

Nitakuwa mkweli, hii njia nayo ina mitego yake. Mtego wa kwanza umenasa kila mtu ninayemjua, mimi nikiwemo. Simu zetu hutupa latitudo kwanza, halafu longitudo. GMT inataka longitudo kwanza. Ukiandika Mombasa kama simu inavyoitaja, -4.05 kisha 39.67, mji wetu utahama Bahari ya Hindi na kutua Hispania, kilomita kama 20 kusini ya Toledo! Kisumu itakwenda Algeria, jirani na mji wa Saïda. Nairobi, maskini, itazama katika Mediterania. Vibaya zaidi ni kwamba ukiwa umeweka mipaka ya Kibwezi hutaona lolote kati ya haya. Ramani itatoka bila nukta hata moja, na programu haitalalamika, kwa sababu hukumwagiza achore kilicho nje ya mipaka. Ramani ikitoka tupu, anza kwa kushuku mpangilio wa namba. Dawa yake ni kuongeza alama -: kwenye amri, nayo itazigeuza safu mbili za kwanza.

Mtego wa pili ni mpangilio wa amri. GMT hupaka kama fundi wa rangi: koti la mwisho hufunika la kwanza. Ukichora maduara kisha ukaleta coast yenye -G, ardhi itameza maduara yako. Ardhi kwanza, mito, kisha maumbo yako, majina mwisho.

Mtego wa tatu unawahusu wanaochota namba kutoka ramani za zamani za Survey of Kenya, zile za kipimo cha 1:50,000. Ramani hizo zimejengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, ilhali simu yako inatumia WGS84. Ukichanganya bila kubadilisha, kisima chako kitasogea takriban mita 300. Kwa ramani ya nchi si kitu. Kwa anayetafuta shamba la kisima, mita 300 ni shamba la mtu mwingine.

Tukirudi kwa yule mama. Nilipochora upya kwa kilomita 5 za kweli, kijiji chake kilitoka nje ya duara, mbali kabisa. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 8 hadi kisimani. Lakini swali lake halikuwa la mstari ulionyooka, sivyo? Aliuliza kama duara linavuka mto. Hapo hata duara langu sahihi halina jibu. Ndege anaruka juu ya mto, punda mwenye mitungi ya lita 20 harukiruki.

Kwa hiyo binamu yangu mkubwa alitembea na mama yule asubuhi moja, simu mfukoni ikirekodi njia. Faili ya njia ilipofika kwangu niliuliza urefu wake kwa amri hii:

gmt mapproject njia.txt -G+uk

Inakupa umbali uliokusanyika, kilomita kwa kilomita, na namba ya mstari wa mwisho ndiyo urefu wote. Ilikuwa kilomita 12, kwa sababu ya kuzunguka hadi mahali ambapo kingo za mto zinateremkika. Kwenda na kurudi ni 24. Ongeza foleni ya kisimani, ndiyo hiyo saa kumi na moja hadi saa sita. Mama alikuwa ameshapima, sisi ndio tuliochelewa kuandika. Nikaiongeza njia kwenye ramani kwa mstari mmoja tu, ukaao kabla ya end, rangi nyeusi ya vistari vistari:

gmt plot njia.txt -W1p,black,-

Najua wako watakaonipinga. Kuna atakayesema, "Bwana, QGIS ipo, ina vitufe, inachora duara la kilomita vizuri tu." Kweli kabisa, nami naitumia, hasa ninapotaka kuzungukazunguka katika data nisiyoijua. Ila niambie, wiki mbili baadaye unakumbuka ulibofya wapi na wapi? Mwenzako anaweza kukagua mibofyo yako? Faili yangu ya mistari saba inaingia kwenye ujumbe wa simu. Anayeipokea anaona 10k na anaweza kuuliza, "Kwa nini 10?" Swali hilo ndilo lililokosekana barazani.

Mwingine atasema vistari hivi ni vya wataalamu, na maelezo yake yote yako kwa Kiingereza. Hapo nakubali nusu. Majina ya vistari hayana huruma hata kidogo, na hakuna mtoto aliyezaliwa akijua -R na -J. Lakini mtu anayejua kupiga *144# kuangalia salio tayari anaelewa kuwa alama fupi zinaweza kubeba maana ndefu. Na kuhusu Kiingereza, ni nani atakayetuandikia kwa Kiswahili kama si sisi? Ndiyo maana naandika ukurasa huu.

Tena nchi hii si mgeni wa ramani. Ni Wakenya walioanzisha Ushahidi mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili taarifa za wananchi zionekane juu ya ramani. Ni vijana wa Kibera waliotembea na vifaa vya GPS mwaka 2009 na kuuweka mtaa wao katika OpenStreetMap, mahali ambapo ramani za mtandaoni zilikuwa na doa tupu. Nukta tumezijua zamani. Sasa tujifunze maumbo yenye ukubwa, maana ndiyo yanayogawa fedha.

Mwisho wa kisa? Nilimtumia yule kijana wa mradi faili mbili na amri zangu, bila maneno makali. Siku mbili hakujibu, nikadhani nimemuudhi. Siku ya tatu akaniandikia. Alikuwa ameweka GMT kwenye tarakilishi ya ofisi, akaingiza visima vyake vyote arobaini, na kugundua vijiji vingine viwili vilivyokuwa vimemezwa na maduara ya slaidi. Hakunihitaji mimi tena, na hilo lilinifurahisha kuliko shukrani zake.

Kijiji cha mama kimerudi kwenye orodha. Kisima chenyewe bado hakijachimbwa, na orodha si maji, kwa hiyo punda bado anatoka alfajiri. Lakini ramani ya sasa inasema ukweli kumhusu, na safari ijayo mtu akisimama barazani na kusema tarakilishi haikosei, kuna faili ya kumfungulia.

Basi jaribu ile mistari sita usiku wa leo. Ukiona Kibwezi imefika Hispania, usivunjike moyo, umeshakuwa mmoja wetu. Niandikie ulipokwama, nitakujibu. Tuonane tena karibuni, safari hii sitakawia... nadhani.